Zamu ya Barthélemy

Watu wa Nyabiondo waliomjua Emérita tangu usichana wake wanasema alikuwa mtu wa kusimama. Hawasemi urefu, maana alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana ya mtu aliyepanda milima na mizigo ya maharage tangu utotoni. Wanasema kwamba neno alilolitamka asubuhi ulilikuta pale pale jioni. Baba yake, mkristo wa siku nyingi aliyezikwa kwenye kilima kile kile alikozaliwa, alimsomesha hadi mwaka wa nne wa sekondari, mpaka vita vilipofunga shule. Kifaransa cha Emérita kilibaki hapo: cha kusoma polepole, kidole kikifuata mstari.

Aliolewa na Barthélemy, mkulima mwenzake wa kilima cha pili. Ikiwa Emérita alikuwa mtu wa kusimama, Barthélemy alikuwa mtu wa kukawia. Alikawia kula, alikawia kujibu, na hata kanisani amina yake ilisikika baada ya zile za wengine. Hakuwa mvivu. Alikuwa mtu asiyependa kufanya jambo kabla hajalimaliza kichwani.

Kule Nyabiondo Emérita aliongoza likilimba ya kulima, kikundi cha kusaidiana kwa zamu. Leo kikundi kizima kinaingia shamba lako, kesho langu, kesho kutwa la jirani, na hivyo vilima vikubwa vinalimwa na watu wasio na kitu ila jembe. Kikundi kilikuwa na sheria mbili ambazo hakuna aliyewahi kuziandika. Ya kwanza: zamu ya mtu haiguswi na mwingine. Mtu akichelewa, akiwa safarini au akilala mgonjwa, shamba lake linamngoja. Kuingia humo bila yeye ni kutangaza kwamba harudi tena. Ya pili: mtu akifa, wote wanaingia shamba lake mara moja, hata yule aliyekuwa amegombana naye, majembe yote siku moja. Baada ya hapo zamu yake inafungwa, na mzunguko unaendelea kwa walio hai.

Emérita alizishika sheria hizo kwa ukali. Aliwahi kumtoa katika kikundi mtu wa ukoo wake mwenyewe, aliyepanda mihogo kwenye zamu ya jirani aliyekuwa hospitalini. Walimlaumu sana. Aliwajibu kwamba kikundi kinachochagua wa kumwonea huruma ni kundi la wezi wanaopendana.

Mwaka wa 2019 vita vilipanda Nyabiondo kutoka upande wa misitu ya Walikale. Wenye silaha walikuwa na majina mengi na bendera nyingi, lakini mbuzi waliowachinja walikuwa ni wale wale. Emérita na Barthélemy walifunga walichoweza kubeba, wakafuata vijia vya milimani hadi Kashuga, wakapewa mahali kambini, hema ya shitingi ya plastiki kati ya hema nyingine. Mtu aliyezoea kuhesabiwa kwa shamba lake akawa anahesabiwa kwa kinywa chake.

Jirani yao wa hema alikuwa Mukandori, mjane aliyetoka Rubaya. Kule alikuwa akibeba magunia ya mchanga wa madini ya koltani kutoka vilimani hadi barabarani, na shingo yake ilibaki imenyooka kana kwamba gunia liko juu bado. Ulimi wake ulikuwa mkali. Watu wa kabila la Emérita na watu wa kabila la Mukandori walikuwa wameambiwa kwa miaka mingi kwamba hawawezi kuchota maji kwenye chemchemi moja. Waliowaambia hivyo walikuwa na chemchemi zao wenyewe. Kambini bomba lilikuwa moja tu, na foleni iliwafundisha wanawake hao wawili kusalimiana.

Walikuja kuwa marafiki kwa sababu ya butiki, duka dogo la Mumbere.

Mumbere alikuwa Mnande wa Butembo, mkatoliki, mfanyabiashara wa sabuni, chumvi na pikipiki za mizigo. Juu ya bati la butiki yake aliweka pano ya jua, bamba la kunasa umeme wa jua, na watu wote wa sokoni walileta telefone zao zichajiwe. Kuchaji kunachukua muda, na mtu anayengoja bila kazi huanza kugombana. Kwa hiyo Mumbere aliweka benchi, na juu ya benchi akaweka kipande cha katoni alichokichora mistari ya kwenda na ya kukata, pamoja na vikopo viwili, kimoja cha maharage meusi na kimoja cha maharage meupe. Huo ndio mchezo wa Go. Alikuwa ameujifunza Butembo alipokuwa akisomea ufundi wa umeme.

Kuueleza si kazi. Kila mmoja kwa zamu anaweka jiwe moja, na hapa harage ndilo jiwe, pale mistari inapokutana, na jiwe likishawekwa haliendi popote. Linapumua kwa nafasi zilizo wazi kando yake. Likizungukwa pande zote, pumzi inakwisha na linatolewa. Mawe yaliyoshikana yanapumua pamoja, na yakijijengea vyumba viwili vya ndani, hakuna awezaye kuyaua tena. Mwishoni anashinda aliyezunguka uwanja mkubwa zaidi. Emérita alitazama michezo michache, akauliza maswali machache, kisha akaketi. Mtu aliyelinda mipaka ya shamba maisha yake yote hakuhitaji kufundishwa zaidi.

Telefone ya Mumbere iliwafikisha mbali kuliko katoni. Ndani yake kulikuwa na seva, mahali pa Interneti ambapo watu wa dunia nzima huchezea Go na kujifunza. Kuna mafumbo ya mazoezi kwa wanaoanza, kuna mbao za kuchunguza michezo iliyokwisha, na kuna michezo ya polepole, ambamo mtu anaweka jiwe lake, anakwenda kulima, na mwenzake wa ng'ambo anaweka la kwake anapoamka. Ila iko saa. Ukipitisha muda uliowekwa bila kucheza, seva yenyewe inatangaza kwamba umeshindwa.

Walijiandikisha kwa jina moja, Kashuga, kwa kuwa telefone ilikuwa moja. Ukurasa wa sheria Mumbere aliuteremsha kwa kidole hadi chini akabonyeza kukubali, kama afanyavyo kila mtu. Wakacheza kama walivyojua kufanya kazi ya pamoja: kwa zamu. Jiwe hili la Emérita, linalofuata la Barthélemy, kisha la Mukandori, kisha la Mumbere, halafu unarudi mwanzo. Wengine waliruhusiwa kusema wapendavyo, lakini kidole kilikuwa cha mwenye zamu. Haikumjia yeyote akilini kwamba kuna namna nyingine.

Zamu ya Barthélemy ilikuwa mateso kwa wote.

"Papa Barthé," Mukandori alikuwa akimwambia, "ule muntu wa kule atazeeka akikungoja."

"Azeeke. Mi nilingoja huyu Emérita mpaka mvi ikatoka. Sasa jiwe njo itanishinda?"

"Haukuningoja," Emérita akajibu bila kuinua macho. "Ulikawia kuuliza."

Benchi zima lilicheka, na Barthélemy akacheka baada yao, kwa muda wake.

Wakaingia mashindano ya seva, ya watu wa kiwango chao. Yalikwenda miezi mingi. Walipoteza michezo, wakashinda mingi zaidi, na habari ikaenea kambini kwamba Kashuga inawapiga watu wa nchi ambazo hakuna aliyezijua. Watu wasiojua hata jiwe linavyopumua walipita kwa Mumbere kuuliza, "Tunashinda?" Ni neno ambalo halikuwa limesikika pale kwa muda mrefu. Hatimaye ukabaki mchezo mmoja, wa mwisho, dhidi ya mtu mzee wa Kanada aliyejiita Ardoise. Mshindi wa huo ndiye angekuwa wa kwanza.

Mchezo ulifika mahali pagumu. Katika kona ya chini mawe ya Kashuga yalikuwa na chumba kimoja tu, na yangeweza kufa. Katikati ya ubao kulikuwa na uwanja mkubwa uliokuwa wazi. Kuokoa kona ilikuwa kuacha katikati. Kushika katikati ilikuwa kuhatarisha kona. Ardoise alicheza, na zamu ikawa ya Barthélemy.

Juma lile lile habari zilifika kwamba Nyabiondo imetulia na maharage yamekauka mashambani. Barthélemy aliamua kwenda kuvuna. Kambini posho ilikuwa imechelewa, na maharage yaliyoiva hayangoji amani. Emérita hakumzuia. Alimpa kamba mbili na gunia, akamsindikiza hadi butiki ya Mumbere, mahali kijia kinapoanza.

"Cheza kwanza," alimwambia.

Barthélemy alitazama ubao kwenye telefone, akavuta kidevu. "Hapana. Hii kona inaomba akili. Nitaifikiria ku njia."

"Na saa?"

"Saa iko na wiki nzima. Maharage haina wiki."

"Papa, weka tu jiwe," Mumbere akasema. "Ku kona ao mu katikati, weka uende."

"Nikiweka haraka nitaenda na roho ya kujuta, na mulima iko mrefu. Mniachie zamu yangu. Mi narudi."

Akamrudishia Mumbere telefone kwa mikono miwili, akaweka gunia tupu begani, akaenda.

Siku za kwanza hazikuwa na neno. Kisha wasafiri wakaanza kufika kutoka upande ule bila mizigo, na mtu anayetoka shambani msimu wa mavuno bila mzigo hahitaji kuulizwa. Walisema risasi zimerudi Nyabiondo, pande mbili, na kwamba vijia vimefungwa. Barthélemy? Mmoja alimwona akipiga maharage kwa fimbo. Mwingine hakumwona mtu.

Emérita aliendelea kuchota maji, kufua na kwenda kanisani. Alikuja butiki kila mchana, akaketi, akatazama saa ya seva ikipungua. Wanawake wa bombani walimsema. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Bwana yake haonekane, na yeye iko anaangalia mawe." Mukandori aliweka ndoo chini akamjibu kwamba wengine bwana zao wanaonekana kila siku na bado hawafai kuangaliwa. Emérita alimgusa mkono anyamaze. Hakutaka kutetewa kwa matusi.

Muda ulipokaribia kwisha, Mumbere alianza kumbembeleza. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kushinda, na aliipenda kambi ishinde.

"Mama, tucheze ile zamu. Papa Barthé mwenyewe angependa tushinde."

"Zamu haiko yangu."

"Iko ya Kashuga. Jina iko moja. Kule hawajui kama huyu njo Barthélemy ao Mumbere."

"Mi najua."

"Akirudi tutamwambia."

"Utamwambia nini?" Emérita akauliza. "Eti tulingoja kidogo, halafu tukaona umekufa?"

Mumbere alipangusa kioo cha kabati ambacho kilikuwa kisafi.

Lakini tusimpake Emérita utakatifu asiokuwa nao. Siku ya mwisho ya saa, mchana, Mumbere alipotoka kupokea mizigo ya chumvi, alibaki peke yake na telefone. Kungoja kulikuwa kumemchosha kuliko jembe lilivyowahi kumchosha. Akawaza kwamba akicheza, angalau kitu kimoja kitakuwa kimekwisha. Akaweka kidole kwenye kona. Katika seva ile jiwe linatokea kwanza kama kivuli, na halijawa jiwe mpaka ubonyeze kuthibitisha. Kivuli kilikaa pale, mahali pa mume wake. Emérita alikitazama mpaka macho yakamwuma, kisha akakiondoa.

Badala yake alifungua sehemu ya maandishi iliyo kando ya ubao, mahali wachezaji wanaposalimiana, akamwandikia Ardoise kwa Kifaransa chake cha mwaka wa nne. Aliandika: "Mheshimiwa, jiwe hili ni zamu ya mume wangu. Alikwenda kuvuna maharage na njia imefungwa na vita. Kwetu hatuchezi zamu ya mtu aliye safarini. Saa ikiisha, ushindi ni wako. Sikutaka ufikiri tumekudharau."

Hakuomba kitu. Jambo hilo Mumbere hakulielewa baadaye, na wengi hawalielewi mpaka leo: kwamba mtu anaweza kueleza shida yake bila kunyosha mkono.

Jibu lilikuja kabla saa haijakwisha. "Bibi, nasikitika kwa ajili ya mume wako. Naomba uniambie jambo moja. Mko wangapi mnaocheza kwa jina hili?"

Mumbere alikuwa amerudi. Alisoma juu ya bega la Emérita. Sasa ndipo alipokumbuka ule ukurasa alioteremsha kwa kidole. Aliutafuta, akausoma kwa sauti ndogo. Jina moja ni la mtu mmoja. Mchezaji hasaidiwi na mwingine mchezo unapoendelea.

"Mwambie uko moja," akasema.

Emérita alilaza telefone magotini.

"Mama, sikia. Hatukujua. Muntu ambaye hakujua haikoseye. Sema moja, tumalize, kisha tutaanza vizuri."

"Nikisema niko moja, zamu ya Barthélemy inakuwa ya nani?"

"Iko maneno tu."

"Hapana. Wa kule ku kilima wanaweza kuwa wamemumaliza. Mi siwezi kumumaliza tena hapa kwa kidole yangu." Alisema bila kupandisha sauti. Kisha akaandika: "Tuko wanne. Mimi, mume wangu, jirani yangu na mwenye butiki. Hatukujua sheria. Kutojua ni kosa letu, maana iliandikwa."

Ardoise alikuwa mtu wa namna ya Emérita hasa. Alijibu: "Asante kwa kweli yako. Nikinyamaza, nitakuwa nimeshiriki udanganyifu. Wasimamizi wa mashindano lazima wajue. Utawaambia wewe, au niwaambie mimi?"

"Nitawaambia mimi," Emérita akaandika, na akafanya hivyo, Mukandori akiwa ameketi kando yake, akimtafutia kwa kidole herufi zilizojificha.

Wasimamizi hawakuchelewa. Jina la Kashuga liliondolewa katika mashindano. Michezo yote waliyoshinda humo ilifutwa, na washindani wao wakarudishiwa haki yao. Jina halikufungiwa kabisa kwa sababu mwenyewe alijitaja. Lakini kuanzia siku hiyo kila mtu achezaye awe na jina lake, na mchezo wake autegemee mwenyewe.

Habari ilifika kambini ikiwa imepindwa, kama kawaida. Walisema Emérita ameuza ushindi. Mumbere hakusema hivyo, lakini alikaa siku nyingi bila kumsemesha, na alipomsemesha sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Hakuna muntu alikuuliza, Mama Emérita."

"Aliniuliza. Ulisoma na macho yako."

"Ile miezi yote."

"Ile miezi tulishinda watu ambao kila moja alikuwa peke yake, na sisi tuko wane. Ungependa watu wane wakuje kugombania shamba yako, na wewe uko moja?"

Mukandori, ambaye hakuwa na mazoea ya kumwonea mtu huruma, alimmiminia Mumbere chai. "Kunywa, kaka. Kukasirika na koo kavu iko kazi mbili."

Mumbere alikunywa. Ndipo aliposhika telefone, kwa mazoea tu, akaona ujumbe wa Ardoise uliokuwa umelala pale kwa siku kadhaa bila kusomwa.

Ndani yake hamkuwa na maneno mengi. Ardoise alikuwa amefungua ubao wa kujifunzia, ule ambao seva inaruhusu watu wengi kuushika pamoja, na juu yake alikuwa amepanga mchezo wao jiwe kwa jiwe, mpaka pale ulipokomea. Chini aliandika: "Huu hauna saa na hauna mshindi. Hapa mnaweza kuwa wanne. Zamu ni ya mume wako. Mimi ni mzee, lakini sina haraka."

Emérita aliusoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Akasema, "Huyu alilelewa." Tangu siku hiyo alipokuja butiki hakutazama tena saa, maana haikuwepo. Alitazama kona.

Mvua za kupandia zilipoanza, Callixte alifika Kashuga. Alikuwa mwanakikundi wa likilimba ya Nyabiondo, mtu wa makamo, na alibeba gunia lililofungwa kwa kamba mbili. Emérita alikuwa mbele ya hema akichambua sombe, majani ya muhogo. Aliziona kamba kabla hajamwona mtu. Callixte alitua gunia, akalisimamisha vizuri lisianguke, na hakukaa.

"Sema, Callixte."

"Mama, alikuwa amemaliza. Alivuna, akapiga, akapepeta. Alikuwa anafunga gunia. Risasi zikatoka huku na kule." Aliligusa gunia. "Sisi tulikuwa tumelala mu mufereji. Bunduki zilipohama tukamukuta pale. Tulimuzika ku kichwa ya shamba."

Emérita aliendelea kushika jani lile lile la sombe.

"Likilimba iliingia shamba yake," Callixte akasema. "Wote wenye tulibaki. Tulilima yote, hata pale pembeni kwenye mawe, penye hakuna kitu. Gunia tukaficha mpaka njia ikafunguka."

"Majembe yote?"

"Yote."

Basi Emérita akainama, na Mukandori akatoka hemani kwake akamshika asianguke.

Matanga yalifanywa kambini, kama yanavyoweza kufanywa kambini. Maharage ya Barthélemy yalipikwa kwa ajili ya waliokuja kulia, wenye kabila hili na wenye kabila lile, na yule mwanamke wa bombani alikuja akala na akaosha vyombo. Mumbere alileta chumvi na mkaa, akaketi chini mavumbini na suruali yake ya Jumapili.

Matanga yalipokwisha, Emérita alimwambia Callixte, "Usirudi bado. Imebaki zamu yake ingine."

Wakaenda butiki, yeye, Mukandori na Callixte. Mumbere alifungua ubao wa kujifunzia bila kuulizwa, akailaza telefone juu ya benchi. Mawe yalikuwa vile vile, kona na chumba chake kimoja, katikati wazi.

"Alikuambia kitu juu ya hii?" Emérita alimwuliza Callixte. "Aliondoka anaifikiria."

Callixte alitazama kioo asichokielewa. "Hakunisemea mawe, mama. Aliniuliza tu kama mvua imekula mupaka wa shamba yangu."

Kwa hiyo hakuna aliyejua. Alichokifikiria Barthélemy njiani alikwenda nacho. Mumbere alisema katikati, kwa kuwa katikati ndiko ushindi ulikokuwa, kisha akajikosoa mwenyewe kwamba hapa hakuna ushindi. Mukandori alisema kona.

"Juu ya nini kona?" Emérita akauliza.

"Kwa sababu iko na watu ndani."

Walicheza kona. Mumbere alishika telefone isitikisike, Mukandori akagusa mahali, kivuli cha jiwe kikatokea, na Emérita akabonyeza kuthibitisha. Callixte hakujua mchezo, lakini alikuwa wa likilimba, kwa hiyo aliweka mkono wake juu ya mkono wa Emérita mpaka jiwe likawa jiwe. Mawe ya kona yakapata chumba cha pili. Hakuna awezaye kuyaua tena.

Emérita akaandika: "Alikufa. Hii ndiyo zamu yake, tumeiweka wote. Sasa imefungwa."

Kesho yake Ardoise alikuwa amejibu kwa neno moja la pole, na alikuwa amecheza. Hakuwaonea huruma ubaoni. Alishika katikati, uwanja wote, kwa jiwe zuri na gumu ambalo Kashuga isingeweza kulijibu. Mumbere aliguna. Emérita alitikisa kichwa kukubali. Angechukia kama ingekuwa vinginevyo.

Baadaye kila mmoja alijiandikisha kwa jina lake mwenyewe, Emérita kwa Emérita, akasoma ukurasa wa sheria wote kwa sauti, mstari kwa mstari, huku Mumbere akiteseka. Lakini kabla ya hapo walikuwa bado kwenye ubao wa pamoja, na baada ya Mukandori na Mumbere kucheza, zamu ilizunguka ikamrudia Emérita. Aliweka jiwe lake, na Ardoise alipojibu akainua macho kando ya benchi, upande wa kushoto, mahali ambapo kwa miezi mingi mtu alikuwa akivuta kidevu wakati wengine wakingoja. 

Alipitisha telefone juu ya nafasi ile, taratibu.

"Zamu njo yako, Mukandori," akasema.